Mwatiko Hali, Hakui: Chanzo Kitafute Majini Kabla ya Gunia la Chakula

Kuanzia Kilifi na Kwale, kuvuka Pemba na Unguja, kushuka Tanga, Mkuranga, Lindi hadi Mtwara, wafugaji wa mwatiko, samaki wa baharini anayefugwa mabwawani, wana lalamiko linalofanana. Vifaranga walifika wakiwa hai, bwawa lina maji, chakula kinamwagwa kila siku, lakini miezi mitatu imepita na samaki bado ni wa urefu wa kidole. Wengi hapo hukimbilia kuongeza chakula. Nasema usiongeze hata konzi moja kabla hujajua kwa nini kile cha jana hakikuliwa. Chakula kilichokataliwa huzama, huoza, na uozo hula oksijeni ya usiku. Kesho yake samaki anaamka na hamu ndogo zaidi, nawe unarudi dukani.

Mwatiko ana sifa moja inayotupoteza, nayo ni uvumilivu. Anaishi kwenye maji yanayokaribia kuwa matamu kama ya mto na anaishi kwenye maji yenye chumvi kupita bahari. Samaki wengine wangekufa, ukajua pana tatizo. Yeye hafi. Anafunga mdomo, anapunguza mwendo, anadumaa. Kwa hiyo ukimwona hakui, chukulia kwamba amekwisha kukupa taarifa, na kazi yako ni kuisoma.

Vipimo vya kwanza, na samaki mmoja wa kupasua

Usianze kubahatisha bila vitu hivi: kipimajoto, kipima chumvi, karatasi au kifaa cha kupima pH (kiwango cha tindikali ya maji), na mizani ndogo inayosoma gramu. Kipima oksijeni ni ghali, lakini kikundi cha wafugaji kinaweza kununua kimoja na kuzungushiana. Pima mara mbili kwa siku, alfajiri kabla jua halijachomoza na alasiri saa tisa hivi, maana bwawa la alfajiri na bwawa la alasiri ni kama mabwawa mawili. Joto la kukuzia mwatiko vizuri ni nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi, pH 7.5 hadi 8.5, na chumvi kati ya gramu 10 na 30 kwa lita. Oksijeni isishuke chini ya miligramu 4 kwa lita. Ikifika 3 hamu ya kula inapotea.

Halafu vua samaki mmoja au wawili saa sita hadi saa nane mchana, uwapasue. Saa hiyo nimeichagua kwa makusudi. Mwatiko hula mchana. Usiku utumbo wake hubaki mtupu. Ukimpasua alfajiri ukamkuta mtupu hujajifunza chochote, lakini akiwa mtupu saa saba mchana, hapo pana jambo. Utumbo wake ni mrefu uliojiviringa, na mbele yake kuna firigisi ngumu inayosaga. Ukikuta humo uji wa kijani unaoelekea weusi, anakula ukoga wa bwawa na mambo si mabaya. Ukikuta unga wa kahawia, anapokea chakula chako. Matope na mchanga mtupu vinaonyesha anachokonoa chini kwa njaa. Na ukikuta maji ya manjano tu, basi chakula chako hakijafika mdomoni. Nyongo iliyovimba, ya kijani iliyokolea, nayo inasema samaki huyo hajala kwa muda mrefu.

Upasuaji huo unagharimu samaki mmoja na hukata nusu ya maswali yote yanayofuata. Sielewi kwa nini haufanywi mara nyingi zaidi.

Vifaranga wapya hawagusi chakula

Wengi wa vifaranga wetu bado hutoka baharini. Wakusanyaji hufuata bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapokupwa mnamo saa nne asubuhi na kuacha vidimbwi kati ya mikoko. Kifaranga cha mwatiko hapo kina urefu wa milimita 10 hadi 17, kinapenya mwanga kama kioo, na kinachoonekana ni nukta tatu nyeusi: macho mawili na kibofu cha hewa tumboni. Kiumbe huyo hajawahi kuona pumba. Anajua vijidudu vinavyoelea na ukoga laini. Ukimwagia punje za kukuzia samaki wakubwa, hazimhusu.

Kwa siku za kwanza tatu au nne, mweke kwenye kizimba cha wavu mwembamba (huitwa hapa) ndani ya bwawa, au kwenye tangi lenye kivuli, na umpe kiini cha yai lililochemshwa kilichosagwa na kuchujwa kwa kitambaa, au unga laini kabisa wa chakula, kidogo kidogo mara nne hadi sita kwa siku. Unga uelee juu kama vumbi. Baada ya hapo mpeleke kwenye bwawa la kulelea ambalo ukoga umekwisha kuota. Usilitayarishe bwawa baada ya vifaranga kufika. Anza kulitayarisha mwezi mzima kabla.

Lakini mara nyingi shida ya siku za mwanzo haiko kwenye chakula. Iko kwenye safari. Vifaranga waliotolewa kwenye kidimbwi cha chumvi 34 na kumwagwa ghafla kwenye bwawa la chumvi 15 hawafi palepale. Wanasimama pembeni, rangi imekolea, na wanatumia nguvu zote kusawazisha chumvi mwilini badala ya kutafuta chakula. Mfuko uelee bwawani nusu saa ili joto lilingane, kisha ongeza maji ya bwawa ndani ya mfuko kikombe kwa kikombe. Tofauti ya chumvi ikizidi gramu 5 kwa lita, chukua saa nzima au zaidi. Fanya hivyo asubuhi mapema au jioni, kamwe si jua la saa saba.

Vifaranga wa kutotoleshwa wana faida hapa, maana hufika wakiwa wamezoea chakula cha unga. Hao walianza maisha kwa rotifa, vijidudu vidogo mno vya majini, kuanzia siku ya pili au ya tatu baada ya kuanguliwa, kisha wakapewa atemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi, walipokaribia wiki tatu. Muulize anayekuuzia wamezoeshwa unga tangu lini na wa ukubwa gani, ukaendelee palepale alipoishia.

Alfajiri wanapanda juu wakipiga midomo, asubuhi hawali

Hii ni oksijeni, na huhitaji kifaa kuijua. Usiku ukoga na vijimea vyote vilivyokupa oksijeni mchana vinageuka na kuvuta oksijeni ileile pamoja na samaki na matope. Saa kumi na moja alfajiri ndipo hesabu inapofika chini kabisa. Samaki wakitawanyika na kuzama jua linapopanda, umepata jibu.

Kosa linalofuata ni kuwalisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sababu ndiyo saa ambayo kijana wa bwawa yupo. Samaki aliyetoka kukosa pumzi hana hamu, na hata akila, kusaga chakula kunahitaji oksijeni zaidi. Subiri hadi saa tatu. Mlo mkubwa uwe kati ya saa tano na saa nane mchana, wa mwisho kabla ya saa kumi jioni.

Kisha tafuta kwa nini oksijeni imepungua. Kwenye mabwawa yetu yanayojazwa na bahari inapojaa, kalenda ya mwezi ina majibu mengi. Maji yakiwa ya bamvua unafungua lango na bwawa linavuta maji mapya. Maji mafu yakija, bahari haifiki kwenye lango, na kwa wiki nzima au zaidi bwawa linapika maji yaleyale. Kama shida yako hujirudia kila baada ya wiki mbili, usiite mtaalamu wa magonjwa. Punguza chakula kwa theluthi au nusu siku za maji mafu, na panga kuweka mbolea na kulisha kwa wingi siku bamvua linapoanza. Wafugaji wanaolisha kipimo kilekile mwezi mzima, bila kutazama mwezi, wananishangaza, maana babu zao wasingetia hata ngalawa majini bila kujua ni bamvua au maji mafu.

Kwa dharura ya alfajiri hiyohiyo: pampu ndogo inayorusha maji juu, au kuchota kwa ndoo na kumwaga kutoka juu, na kusimamisha chakula na mbolea zote kwa siku mbili.

Maji ni maangavu mno, chini hakuna ukoga

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu nadhani ndipo mabwawa mengi ya pwani yetu yanapokwama.

Chakula cha asili cha mwatiko mdogo ni utando laini unaoota juu ya matope, mchanganyiko wa vijimea, bakteria wa kijani-buluu na vijidudu vidogovidogo. Wafilipino huuita lablab, Waindonesia klekap, na ufugaji wao wa mwatiko wa karne na karne ulisimama juu ya utando huo kabla ya chakula cha gunia kuwapo. Bwawa lenye utando mzuri linaweza kukuza samaki 2,000 hadi 3,000 kwa hekta bila chakula cha kununua. Bwawa lisilo na utando ni beseni, na kila gramu ya nyama utaigharimia.

Kama umeweka mbolea na bado maji ni kama ya kisima, tazama udongo. Mabwawa yetu mengi yamechimbwa kwenye uwanda mtupu nyuma ya mikoko, kwenye matope yaliyolala chini ya maji ya bahari miaka mingi bila hewa. Matope hayo huhifadhi madini ya chuma na salfa. Yakiwa yamefunikwa hayana neno. Ukiyachimba na kuyaanika kwenye tuta, hewa inayageuza kuwa tindikali. Dalili zake: vidonda vyekundu-kutu juu ya matuta ambavyo hata majani ya chumvi hayaoti, utando wa rangi ya kutu juu ya maji pembeni, madoa ya manjano ya mpauko ukivunja donge la udongo, na pH inayoshuka chini ya 6. Chuma hicho na alumini hunasa fosforasi ya mbolea yako kabla mmea haujaigusa. Unaweka DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi, inafungwa kwenye matope, na mwishowe unasema mbolea ilikuwa feki. Chuma hicho pia huganda kwenye matamvua ya samaki. Ukifunua kifuniko utaona kahawia badala ya wekundu wa damu. Samaki huyo hapumui vizuri, na asiyepumua vizuri hali.

Kujua mapema, kabla hujachimba, chukua matope kutoka kina unachokusudia kufika, yaweke kwenye kisahani yakiwa na unyevu lakini si majimaji, uyaache kivulini wiki tatu, kisha pima pH. Yakishuka chini ya 4, usichimbe hapo kwa kina. Jenga bwawa la kina kifupi lenye matuta, au tafuta mahali pengine.

Kama bwawa tayari limechimbwa, dawa yake ni kuosha. Likaushe hadi lipasuke nyufa, jaza maji ya bahari, yaache siku chache yainywe tindikali, pima, yamwage wakati wa kupwa, jaza tena. Rudia hadi pH ya maji yanayokaa ibaki juu ya 6. Matuta yenyewe nayo yanywe maji, maana ndiyo yanayotiririsha tindikali mvua inaponyesha. Ndipo uweke chokaa ya kilimo, kilo 100 hadi 200 kwa bwawa la mita 20 kwa 50, na mstari wa ziada chini ya matuta pande zote. Ukianza na chokaa bila kuosha, utamwaga magunia bila kuona mwisho wake.

Kuotesha utando baada ya hapo ni kazi ya subira. Kausha chini hadi matope yashike uzito wako bila kuzama sana. Tawanya samadi ya kuku iliyokauka, kilo 100 hadi 200 kwa bwawa la mita 20 kwa 50. Ingiza maji sentimita 3 hadi 5 tu, kupitia wavu mwembamba. Baada ya siku chache yeyusha kilo 2 hivi za DAP kwenye ndoo, uinyunyize. Utando ukianza kushika, pandisha maji sentimita 5 kila baada ya siku chache hadi ufike sentimita 30 au 40. Ukijaza bwawa hadi shingoni siku ya kwanza, mwanga haufiki chini na unachopata ni maji ya kijani yasiyo na zulia. Utando hupenda chumvi iliyopanda kidogo, gramu 25 na kuendelea, ndiyo maana miezi ya kiangazi huota vizuri kuliko masika.

Na kama utando uliota kisha ukatoweka, inama utazame konokono. Tondo na jamaa zake wadogo wa mikoko hula utando uleule uliomwandalia mwatiko, nao hawalali. Waokote kwa mkono bwawa likiwa kavu, wote, na uzibe lango kwa wavu. Usilimwagie dawa za wadudu za shambani. Zinaua pia vijidudu anavyokula kifaranga, na sumu inabaki kwenye matope.

Jambo moja zaidi kuhusu kijani: mwani wa nyuzi ndefu unaofunika bwawa kama nywele si neema kwa vifaranga. Wanaponaswa ndani yake wanakufa, na ukiwa mbichi hawausagi vizuri. Uondoe kwa reki kabla ya kuwaingiza. Kwa samaki waliofika gramu 50 haudhuru, hasa unapoanza kulainika kwa kuoza.

Walikuwa wanakula vizuri, ghafla wameacha

Uliza kwanza mvua. Mvua kubwa ya masika ikimwagika juu ya bwawa la chumvi, maji matamu hukaa juu na maji mazito ya chumvi hubaki chini. Hayachanganyiki. Chini hakuna hewa mpya, matope yanaanza kutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na samaki wanabanwa kwenye tabaka la juu lisilo na ukoga. Fungua mbao za juu za lango, si za chini, ili maji matamu yatoke wakati wa kupwa. Kama matuta yako ni yale ya kutu, mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni ya hatari kuliko zote, kwa kuwa inasomba tindikali ya miezi mingi kwa usiku mmoja. Weka chokaa juu ya matuta kabla ya mawingu kukusanyika.

Kama hakuna mvua, uliza jua. Kaskazi ya Januari hadi Machi hunyonya maji, na bwawa lisilopata bamvua zuri hufika chumvi 50 au zaidi. Mwatiko anaishi humo, lakini chakula anachokula kinatumika kufukuza chumvi mwilini. Badilisha maji kila bamvua hata kama yanaonekana safi, na usiongeze chakula kufidia.

Kama ni kusi, Julai na Agosti, pima joto la alfajiri. Maji ya kina kifupi hupoa usiku kwa upepo, na mwatiko aliyepoa hula kidogo. Hapo hakuna cha kutibu. Mpunguzie kipimo, mlishe katikati ya mchana, na usimsumbue kwa nyavu.

Na kama si mvua, si jua, si upepo, chukua fimbo uchokonoe matope pale unapomwagia chakula kila siku. Yakiwa meusi na yananuka, umelisha kaburi. Hamisha sehemu ya kulishia, simamisha chakula siku mbili, badilisha maji. Mabaki hayo pia hutoa amonia, ambayo ukali wake hupanda pamoja na pH na joto, kwa hiyo samaki wanaweza kuonekana wazima asubuhi na kukataa mlo wa alasiri.

Wanakula kwa pupa lakini hawaongezeki uzito

Hapa ndipo pa kulaumu gunia, lakini hesabu kwanza. Kila baada ya wiki mbili vua samaki 30 kwa kimia, asubuhi, uwapime kwa pamoja ndani ya ndoo ya maji, kwa sababu mwatiko ni mwoga, huruka na kumwaga magamba akishikwa. Gawanya uzito kwa 30. Kama una samaki 1,000 wa gramu 20, bwawa lina kilo 20 za samaki. Kwa umri huo wape asilimia 6 ya uzito kwa siku, yaani kilo 1.2, iliyogawanywa mara tatu au nne. Wadogo wa gramu 1 hadi 5 hupewa asilimia 8 hadi 10; wakifika gramu 100, asilimia 4 inatosha. Wengi hulisha kopo lilelile tangu mwezi wa kwanza hadi wa nne, samaki akiwa ameongezeka mara kumi. Huyo analishwa kwa njaa.

Kisha tazama ubora. Mwatiko mdogo anahitaji protini asilimia 40 hivi akiwa kifaranga, na 30 au zaidi hadi afike ukubwa wa kiganja. Pumba za mchele tupu zina kama 10. Pumba humpa nguvu ya kuogelea, hazimjengi mwili. Mchanganyiko unaoweza kutengenezwa nyumbani: unga wa dagaa sehemu 30, soya iliyokaangwa na kusagwa 30, pumba laini 35, na unga wa muhogo uliopikwa uji 5 kwa kushikanisha. Hapo unafika karibu asilimia 30. Soya lazima ikaangwe. Ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia protini kusagika tumboni. Dagaa waliookotwa na mchanga waoshwe na kuanikwa juu ya chanja, la sivyo unanunua mchanga kwa bei ya samaki.

Unyevu wa pwani ni adui wa ghala. Pumba zinachacha kwa wiki chache, mafuta yake yananuka, na samaki wanazitema. Mashudu yanaota ukungu, na sumu ya ukungu huharibu ini bila kuonyesha chochote nje. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, ununue ya kutosha mwezi mmoja tu. Nusa kabla ya kulisha. Kinachokukera puani kisiingie bwawani.

Ukubwa wa punje nao uzingatiwe. Mwatiko hana meno, na mdomo wake ni mdogo kuliko unavyodhania ukitazama mwili. Hadi gramu 2 apewe unga, kisha chenga za milimita 1, na punje za milimita 2 baadaye. Punje kubwa huzungukwa, husukumwa, kisha huachwa izame.

Kama chakula ni kizuri na hesabu ni sahihi, basi wanaokula si wako. Mwatiko hazai bwawani, kwani hukomaa baharini akiwa na umri wa miaka mitano hivi, lakini perege anazaa kila wakati, na wakiingia wachache kwenye bwawa lenye chumvi ndogo, miezi michache baadaye wamelijaza. Tupa kimia uhesabu. Ukipata perege kumi kwa mwatiko mmoja, chakula chako kinamlea perege. Hakuna njia ya mkato hapo: mwaga bwawa, okota, kausha, anza upya na wavu mwembamba langoni.

Wachache wamekuwa wakubwa, wengi wamebaki wadogo

Kwanza hakikisha wale wakubwa ni mwatiko. Vifaranga wa kuokota huja wamechanganyika na wa mkizi, chewa, mzia na wengine, na mla nyama mmoja aliyeingia akiwa mdogo kama sindano atakuwa wa nusu kilo huku wenzake wakipungua. Chagua vifaranga mapema ndani ya beseni jeupe, na wale usiowahitaji warudishe majini wakiwa hai. Ukiwamwaga mchangani unamnyang'anya mvuvi wa kesho.

Kama wote ni mwatiko, tazama unavyolisha. Chakula kinachomwagwa mahali pamoja huliwa na wenye nguvu. Tembea na kingo, tawanya upande ambao upepo unatoka, na uweke vituo vitatu au vinne. Watenganishe kwa ukubwa wanapohamishwa kutoka bwawa la kulelea, wakiwa sentimita 5 hadi 8. Msongamano pia ni wa kutazamwa: vifaranga 30 hadi 50 kwa mita moja ya mraba wanakaa vizuri kwenye bwawa la kulelea, lakini kwenye bwawa la kukuzia mmoja kwa mita ni wengi tayari kama hulishi kila siku.

Samaki wanaojificha kina kirefu na kuja kula wakiogopa ni wale wanaowindwa na yangeyange na mnandi. Nyuzi zilizotandazwa juu ya bwawa la kulelea zinatosha kurudisha utulivu.

Kifuniko cha tamvua kimeliwa, au mgongo umepinda

Hii hutokea zaidi kwa vifaranga vya kutotoleshwa, na huhusishwa na upungufu wa vitamini C na mafuta muhimu walipokuwa wadogo kabisa. Wakifika bwawani kwako tatizo limeshatokea, huwezi kulinyoosha. Samaki mwenye tamvua wazi huchoka haraka oksijeni inapopungua, hivyo atabaki nyuma. Kabla ya kulipa, mwage vifaranga mia moja kwenye beseni uwatazame mmoja mmoja. Wenye kasoro wakiwa wengi, kataa.

Wamedumaa miezi minne. Watupwe?

Wasitupwe. Taiwani na Ufilipino wafugaji huwadumaza vifaranga kwa makusudi: huwabana kwa wingi kwenye bwawa dogo na kuwalisha kidogo kwa miezi kadhaa, ili wawe na mbegu wakati wa uhaba. Wakiachiwa nafasi na chakula, hukimbia kwa kasi kuliko wenzao ambao hawakubanwa. Mwatiko wako waliodumaa kwa njaa au msongamano wana uwezo huohuo, mradi ini halijaharibiwa na ukungu na matamvua hayajafunikwa na chuma. Pasua wawili, tazama ini na matamvua. Vikiwa safi, tayarisha bwawa la pili hadi utando ushike, wahamishe siku bamvua linapoanza, samaki mmoja kwa mita mbili za mraba, na anza na asilimia 3 ya uzito kwa wiki ya kwanza, ukipanda taratibu, maana utumbo uliokaa mtupu haubebi shibe ya ghafla. Pima baada ya wiki mbili, na tena baada ya nne. Kama uzito haujapanda hata kidogo katika mwezi huo wakiwa kwenye maji mazuri na utando mzuri, wauze kama chambo kwa wavuvi wa mshipi, ukaanze na vifaranga wapya.